Gitaa la chini ya kitanda

Meseji iliingia Alhamisi usiku nikiwa nimeshapanda kitandani. "Kaka shikamoo, lile Pacifica lako bado unalo? Mi nina gitaa kavu zuri sana, kama vipi tubadilishane." Pacifica ni gitaa langu la umeme, na gitaa kavu ni lile lisilohitaji umeme. Nikajibu hapohapo, marahaba dogo, lile haliuzwi wala halibadilishwi. Nikazima data nikageukia ukutani. Sa naanza kupitiwa na usingizi ndo nikakumbuka kwamba gitaa lenyewe liko chini ya kitanda hichohicho nilicholalia, na sikumbuki mara ya mwisho kulitoa ilikuwa lini.

Asubuhi nikalivuta. Zipu ya begi imeshika kutu mpaka nikaipaka mshumaa ndo ikakubali kufunguka. Nyuzi zote zimekuwa za kahawia, nikapitisha vidole mara moja tu vikatoka na alama kama nimeshika misumari ya zamani. Hapa Tanga upepo wa bahari hauna huruma na chuma, kitu ukikiacha bila kukigusa msimu mmoja tu unakikuta kimeliwa. Nikajaribu kuhesabu. Mara ya mwisho nililipiga kwenye harusi ya binamu yangu, na mtoto wa ndoa ile keshaanza kutembea.

Sasa ili mnielewe kwanini nilikataa haraka vile inabidi niwaambie lilivyofika kwangu. Ilikuwa 2012, kuna bendi ilikuwa inapiga hotelini ikavunjika, mpiga gitaa wao akawa anarudi kwao anauza vitu vyake, nikalichukua kwa laki tatu na themanini na nikamlipa kwa miezi mitano. Ni Yamaha Pacifica, lile lenye pikapu tatu (vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi), mbili nyembamba na moja pana ya nyuma. Sikuwa na maisha yoyote ya maana wakati ule ila nilikuwa na gitaa na nilikuwa na bendi. Nilikuwa napiga ridhim. Kwa miaka kama mitano gitaa lile lilinilisha, na mabati ya chumba cha kwanza nilichojenga ni hela ya gitaa lile, kila nikisikia mvua inapiga juu huwa nalikumbuka.

Kwa asiyejua muziki wetu wa dansi niseme kidogo maana bila hili stori yote haieleweki. Mji huu ni mji wa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, sisi tumekulia humo, wazee wetu walizicheza. Kwenye dansi gitaa haliwi moja. Kuna solo anayeimba na nyuzi kule juu, kuna ridhim anayemjibu, bendi nyingine zina mpaka gitaa la tatu katikati yao, na chini kuna besi anayewashikilia wote. Raha ya dansi iko kwenye kupishana, huyu anaacha nafasi yule anaingia, hakuna anayepiga kila kitu. Ndo maana ridhim ukiipiga peke yako chumbani ni kama mtu anayeitikia hodi wakati hakuna aliyebisha. Hilo nimekuja kulielewa vizuri baadaye sana, wakati ule nilikuwa nalipiga tu.

2017 bendi ikafa. Hakuna ugomvi, watu walipata majukumu, mimi nikapata kazi ya stoo ya zamu, watoto wakaja, amplifaya ikaanza kuunguruma nikaiuza kwa fundi redio achukue spea. Kuanzia hapo gitaa likaingia chini ya kitanda. Kila mwaka najiambia mwaka huu nanunua amplifaya ndogo, na kila mwaka kuna ada.

Ila kuna kitu nilikuwa nakifanya bila kukitilia maanani. Karibu kila Jumamosi nilikuwa naenda kwa kaka yangu Makorora, kwa mguu dakika ishirini, naenda kupiga galatoni lake. Galatoni ndo hili gitaa kavu la kizamani, jina lilitokana na magitaa ya Gallotone yaliyokuwa yanatoka Afrika Kusini, watu wakaendelea kuita hivo hata gitaa likiwa la kampuni nyingine kabisa. Hilo la kaka nyuzi ziko juu mpaka vidole vinauma na uzi wa tano hauna kifungo, unakazwa na koleo. Lakini nilikuwa naenda. Marehemu baba alikuwa anapiga gitaa kavu la dole gumba na kidole cha shahada, staili ileile ya Mwenda Jean Bosco wa Katanga kule Kongo, yule ambaye Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa anazunguka kurekodi muziki wa Afrika, alimkuta Jadotville mwaka 1952 (leo panaitwa Likasi) akamrekodi, na nyimbo zake zikasambaa mpaka kwetu huku. Baba hakuwahi kuwa na bendi. Alikuwa anakaa kibarazani jioni anapiga besi kwa dole gumba na solo kwa kidole, mtu mmoja anasikika kama wawili. Hicho ndicho nilichokuwa nakifuata kwa kaka, nikitoka nyumbani kwangu ambako gitaa la laki kadhaa linaliwa na kutu.

Nikamwambia mke wangu kuhusu ile meseji. Hakufikiria hata dakika moja, akasema, "Mume wangu, lile gitaa nalifuta vumbi mimi. Wewe unalikumbuka likitajwa na mtu." Lilinichoma hilo, nikawa kimya siku nzima.

Nikampigia na mwenzangu tuliyekuwa naye kwenye bendi, yeye alikuwa solo. Huyo akaja juu, we usifanye hivo, gitaa la kazi halitolewi, mimi langu niliuza nikajengea choo na mpaka leo nikipita dukani nikaona gitaa limening'inia naumwa. Nae namwelewa. Alichosema ni kweli kwake. Ila kuna tofauti kati ya kuuza na kubadilishana ambayo watu wanaichanganya, ukiuza hela inaingia kwenye mchele na gesi na kesho huna gitaa wala hela, ukibadilishana unabaki na gitaa, swali ni gitaa gani. Kwahiyo majuto ya mtu aliyeuza usiyachukue yote ukayaweka kwenye mizani ya kubadilishana.

Kabla sijamjibu yule kijana nikafanya kitu kimoja ambacho namshauri kila mtu afanye. Nililipeleka gitaa kwa fundi. Kuna mzee Ngamiani anatengeneza redio na maspika ila magitaa anayajua kuliko watu wengi wanaojiita mafundi wa magitaa. Nikamwambia shikamoo mzee wangu, nataka ulirudishe kama lilivyokuwa halafu ndo niamue kama naliachia. Akacheka akasema, "Huwezi kumpima mgonjwa uzito ukasema huyu ni mwembamba." Akatoa nyuzi za zamani, akasafisha freti, vile vyuma vilivyokatiza shingoni, akapuliza dawa kwenye vifundo vya sauti maana volyumu ilikuwa inakwaruza, akafunga nyuzi namba 10. Alafu akaniita niangalie shingo, ukilishika gitaa kama unalenga bunduki ukaangalia kuanzia kichwani kwenda chini unaiona shingo imejikunja mbele. Ndani ya shingo kuna chuma, akakikaza robo duara tu, akaliacha mpaka kesho yake, akalipima tena. Nyuzi zikashuka. Nyuzi elfu ishirini na tano, kazi elfu kumi na tano.

Nilivyolishika nikajua miaka yote ile nilikuwa nalikwepa gitaa gumu. Hata zile mara moja moja nilizokuwa nalitoa lilikuwa linaniumiza vidole narudisha, najiambia sina muda. Kumbe muda nilikuwa nao, nilikuwa naupeleka Makorora.

Sasa hapo si ndo ungetegemea nighairi? Nilikaribia kabisa. Nikakaa nalo siku tatu. Siku ya kwanza nikapiga saa nzima bila amplifaya, siku ya pili robo saa, ya tatu nikalitoa nikalitazama nikalirudisha. Limepona, liko laini kama siagi, lakini bado sina cha kulipigia. Hapo ndo nikamwandikia kijana, njoo tuongee.

Yeye anakaa Muheza, kama kilomita 35 kutoka hapa, anapiga kwenye kikundi cha vijana, harusi, mikutano, popote wanapoitwa. Shida yake ilikuwa ya kinyume na yangu. Gitaa kavu ukilichomeka kwenye mziki mkubwa ukakaa karibu na spika linaanza kupiga mluzi, maana lile tumbo la gitaa linapokea sauti ya spika nalo linatetema linairudisha tena kwenye mashine, inazunguka hivohivo mpaka masikio yanauma. Kila shughuli MC anamwambia dogo punguza. Anapiga kitu kizuri na hakuna anayekisikia. Aliniambia hivi, "Kaka mi nimechoka kupunguzwa." Nikamwonea huruma kweli.

Gitaa lake ni Yamaha FG800, alipewa na ndugu yake aliyesafiri. Nikaliangalia kwa utulivu, na hapa nitawachosha kidogo ila ni muhimu kwa yeyote anayetaka kubadilishana. Kitu cha kwanza niliangalia ukingo wa lile tundu la sauti, ukiona mistari ya mbao ya juu inashuka imenyooka mpaka ndani ujue ya juu ni mbao halisi, ukiona matabaka matabaka ujue ni plaiwudi. Hili la kwake lilikuwa mbao halisi, na mbao halisi inazidi kufunguka sauti kadri inavyopigwa, mimi naamini hivo kwa masikio yangu. Alafu unagusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, unasikia ule mlio kama wa kengele, kisha unaukandamiza palepale, milio miwili inatakiwa iwe sauti moja, ikitofautiana ujue gitaa hilo ukienda kodi (chords) za juu litakutia aibu. Likapita vizuri. Ila nilivyochukua karatasi ya daftari nikaipitisha chini ya daraja, kile kipande nyuzi zinapofungiwa, karatasi ikaingia kwa nyuma mpaka nusu sentimita.

Kijana akashtuka. Hakuwa anajua. Nikamuuliza huwa unaliweka wapi mkiwa safarini, akasema nyuma ya gari, na nyumbani analitundika ukutani karibu kabisa na bati. Sasa nyuzi za gitaa kavu zikikazwa zote sita zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, mzigo wote huo umeshikwa na gundi tu pale darajani, na gundi ikipata joto la gari lililofungwa juani au la bati la saa nane mchana inalainika, daraja linaanza kunyanyuka kidogo kidogo. Linatengenezeka, halijafa. Lakini lingeachwa mwaka mmoja mbele lingeng'oka na kipande cha mbao.

Ningeweza kunyamaza nikalitumia hilo kumkandamiza aongeze hela. Watu wa mjini watasema ndo biashara. Mimi sikuweza, nilimwonesha karatasi ilivyoingia na nikamwambia bei ya kutengeneza, na yeye nae akanionesha kitu kwangu ambacho sikukijua, kwamba freti ya pili na ya tatu za gitaa langu zimelika chini ya nyuzi nyembamba, ni vidole vyangu mwenyewe vya miaka ile ya kodi zilezile za ridhim. Tukawa tumelingana. Tukakubaliana iwe mali kwa mali bila kuongezana hela, yeye atalipia daraja, mimi nimeshalipia ya kwangu, ila kwanza tujaribu wiki mbili, kila mtu anaondoka na la mwenzake. Tukaandika kwenye karatasi, namba za magitaa, mikwaruzo iliyopo, tarehe ya kurudishiana, na kila mmoja akapiga picha. Mke wangu aliona kama tunajitesa, akauliza si mnaaminiana? Tunaaminiana ndio, karatasi ni ya kutusaidia tuendelee kuaminiana.

Daraja lilichukua siku nne kwa mzee wa Ngamiani, likiwa limebanwa na vibano. Kisha zikaanza wiki zangu mbili. Nikabandika kalenda kwenye mlango wa jikoni nikawa naweka alama kila siku niliyopiga, maana kichwa kinadanganya, kichwa kinakumbuka ile siku moja uliyopiga vizuri kinasahau tisa za kuangalia simu. Wiki ya kwanza alama saba. Siku moja umeme ukakatika saa mbili usiku, mtaa mzima giza, nikatoka kibarazani na gitaa, mtoto wangu wa pili akaja akakaa miguuni, nikapiga ile staili ya baba, dole gumba chini, kidole juu, nakosea narudia, jirani akapaza sauti kutoka kwake, "Endelea bwana, usikatishe." Umeme uliporudi nikaendelea tu. Wiki ya pili alama nne. Niliziona zimepungua na nikajisikia vibaya, nikajua kama kuna uongo hapa ndo utaonekana sasa. Lakini nikizihesabu zote ni kumi na moja ndani ya siku kumi na nne, na lile la chini ya kitanda nilikuwa nalipiga mara moja kwa mwaka na kitu.

Siku ya kumi na mbili kijana akanitumia video. Wako Muheza kwenye shughuli, watu wanacheza, taa za rangi, na gitaa langu liko kifuani kwake. Kalichomeka na linasikika mpaka mwisho wa ukumbi, anabadilisha pikapu katikati ya wimbo, mbele anatumia ile nyembamba anapiga ridhim safi inayokatakata, kwenye sebene, ile sehemu ya wimbo magitaa yanapochangamka watu wacheze, anahamia ile pana ya nyuma sauti inanenepa. Nilijua kila mlio. Nilijua pale uzi wa tatu unapokwaruza ukiuvuta. Nikarudia ile video labda mara kumi, na kila nikirudia roho inaniuma zaidi, nikasema hapana, namwambia alirudishe, hilo ni langu.

Nikaandika meseji kabisa. Sikuituma. Nikaiacha nikaenda kulala na asubuhi nikaiangalia tena ile video bila sauti. Nikagundua macho yangu hayaendi kwenye gitaa. Yanaenda kwa mpiga besi aliyesimama pembeni yake, anamtazama yule kijana usoni kusubiri mabadiliko, kijana anamkonyeza, wote wanaingia pamoja. Hicho ndo kilikuwa kinaniuma. Gitaa ningelirudisha kesho yake, na lingerudi chini ya kitanda kwasababu mpiga besi asingekuja nalo, na solo wangu kashajengea choo. Miaka yote sita saba hiyo nilidhani nimetunza kipande cha bendi, kumbe nilichotunza ni zile nyuzi za kuitikia, hodi haipo. Hata hili gitaa kavu kwa uzuri wake wote halinipi hilo, linanipa kibaraza cha baba, ambacho ni kitu kingine na nakihitaji pia, lakini ni kingine.

Basi nikampigia. Nikamwambia dogo chukua, tubadilishane moja kwa moja, ila nina masharti mawili na yaandikwe. La kwanza, siku yoyote ukitaka kulitoa, mimi ndo naambiwa wa kwanza kabla ya mtu mwingine. La pili, mnafanya mazoezi lini? Akasema Jumapili mchana. Nikamwambia nitakuja, mara moja kwa mwezi, nauli yangu mwenyewe, nipangieni ridhim wewe uimbe. Akakaa kimya kidogo nikadhani nimeharibu, akasema, "Kaka tumekuwa tunatafuta mtu wa ridhim tangu mwaka jana, tulikuwa tunaogopa kukuomba, tukaona labda ulishaacha mziki."

Nimeenda mara nane mpaka sasa. Mwezi mmoja nilikosa kwasababu ya zamu. Mara ya kwanza vidole vilikuwa vizito na wale vijana wanapiga haraka kuliko tulivyokuwa tunapiga sisi, nikawa nachelewa kuingia, wakanisubiri bila kununa. Sasa hivi naingia. Hili la nyumbani nalitunza tofauti na nilivyolitunza lile, halikai kwenye begi, liko kwenye stendi sebuleni mbali na dirisha na mbali na bati, usiku nalifunika kitambaa, na kwenye begi la safari naweka vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Nyuzi nazifuta kwa kitambaa kikavu kila nikimaliza, dakika moja tu, kwa mji huu dakika hiyo ndo inaamua nyuzi zikae mwezi au miezi mitatu. Kalenda bado iko mlangoni ila siweki alama tena, mtoto ndo anaweka, na akiona siku imepita anakuja kuniuliza.

Kaka yangu kule Makorora alilalamika kwamba siku hizi simtembelei, kwahiyo sasa naenda nalo, yeye anapiga galatoni lake la koleo mimi nampokea, na uzi wake wa tano nimemwahidi nitampelekea kifungo.

Wiki iliyopita kijana alinipigia. Anataka kubadilisha ile pikapu ya nyuma, kapata nyingine yenye nguvu zaidi, akawa anaongea kwa kuzungukazunguka mpaka nikaelewa ananiomba ruhusa. Nikamwambia gitaa ni lako dogo, ulishalichukua, fanya unachoona kinakufaa. Alafu tukaongea mambo mengine, harusi ya mwezi ujao, nani atabeba maspika. Kabla hajakata nikamuuliza ile pikapu ya zamani ataipeleka wapi. Akasema, "Nitakuja nayo Jumapili, kaka, nilishaifungia kwenye karatasi yako."

Jumapili ni keshokutwa, na zamu yangu inaisha saa sita.